Ndugu wa Kitanda cha Juu: Maisha ya Kila Siku Ndani ya Nyumba ya Uanafunzi

Akina mama wanaoleta vijana wao kwetu, kwenye nyumba ya Kikristo ambamo wanaume huishi pamoja ili wajengwe kiimani na kuachana na maisha yaliyowaharibu, na wake wanaoleta waume zao, huwa na swali moja wasilolitoa mpaka mizigo iwe imeshushwa: "Sasa mlezi, mtamfanya nini humu ndani?" Wengi wamekwisha zunguka sana kabla ya kufika. Wamempeleka kwenye maombi, wamemlipia madeni, wamemhamisha mji, wamemfukuza nyumbani kisha wakamrudisha. Wanangoja nitaje jambo kubwa, mfungo mrefu au kesha la ukombozi au mhubiri mwenye upako. Nami nawaeleza ilivyo. Ataamka, atatandika kitanda, atasoma Zaburi, atafagia, atakula mezani na wenzake, atakaa darasani, atafanya kazi, atagombana na mtu, atapatana naye, atalala. Kesho yake hivyo hivyo.

Naona nyuso zinavyoshuka. Lakini nimeishi katika maisha haya miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi na sasa nikiwa mlezi, na sijapata jibu la kweli zaidi ya hilo. Mwanaume anabadilika kwa kuishi karibu na watu wanaomwona akiwa amechoka, akiwa na njaa, akiwa amekasirishwa. Watu wasiomkimbia na wasiompaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Injili ya Marko, sura ya 3, inasema Yesu aliweka watu kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye", ndipo inapotaja kuwatuma kuhubiri. Utume ulikuja wa pili. Kwanza walitembea naye, wakala naye, wakabishana njiani nani kati yao ni mkubwa, wakaulizwa habari ya mabishano yao walipofika nyumbani. Kila ninapowaona wanaume wakigombania zamu ya kuoga nawakumbuka wale kumi na wawili, na ninapata nguvu.

Wanaoingia hawafanani. Yuko aliyetoka jela, yuko aliyemaliza mali kwenye kubeti, yuko aliyekuwa akianza pombe kabla ya kunawa uso. Yuko pia kijana ambaye hajawahi kugusa kilevi chochote, ila kanisa lake limemtuma ajengwe kabla ya kukabidhiwa huduma. Nyumba nyingi za namna hii zina deni kwa David Wilkerson, mchungaji kijana kutoka Pennsylvania, ambaye mwaka 1958 alikwenda New York kuwatafuta vijana wa magenge baada ya kusoma habari za kesi ya mauaji iliyowakabili baadhi yao. Kutoka hapo ikazaliwa Teen Challenge, huduma ya Kikristo ya kuwasaidia walionaswa na dawa za kulevya, ambayo sasa ina vituo vya kuishi katika nchi nyingi, na mpango wake wa takribani mwaka mmoja umeigwa na wengi. Lakini jambo lenyewe ni la kale. Katika karne ya 4 huko Misri, Pakomio alikuwa amekwisha kuwakusanya watawa waliozoea kuishi peke yao, wakae pamoja, wafanye kazi pamoja, wale pamoja, chini ya ratiba moja.

Kengele yetu inalia kabla ya jua. Mgeni wa wiki ya kwanza huichukia kuliko kitu kingine chochote, maana mwili wake umezoea kulala alfajiri na kuamka adhuhuri. Hapigiwi kelele. Jirani yake anamgusa bega na kumwambia, "Ndugu, kumekucha," basi. Baada ya kujimwagia maji, kila mmoja anatafuta kona yake na Biblia yake kwa muda wa nusu saa hivi, kisha tunakutana wote kwa ibada. Hapo tunasoma Zaburi moja kila siku kwa mfuatano, bila kuruka. Hilo la kutoruka ninalisimamia kwa nguvu zangu zote.

Sababu ni hii. Wanaume wengi wanafika kwetu wakiomba kwa maneno ya kukopa. Wamewasikia wahubiri, wamekariri sauti na mitetemo yake, na wakisimama kuomba utadhani wako mbele ya umati. Ndani ya maneno hayo mtu mwenyewe hayumo. Zaburi zinamtoa huko polepole, kwa sababu waandishi wake walimwambia Mungu mambo ambayo sisi tungeona aibu kuyasema kanisani. Asubuhi moja zamu ya kusoma ilimwangukia ndugu mmoja mkimya, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mke wake alikuwa ameondoka na watoto. Ilikuwa Zaburi ya 88. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa, lakini hiyo haigeuki. Inakomea kwenye maneno "nao wanijuao wamo gizani". Alipofika hapo akafunua ukurasa kutafuta sehemu iliyobaki, akaikuta Zaburi ya 89. Akarudisha ukurasa.

"Mlezi, imeisha?"

"Imeisha, kaka."

"Na hii imo kwenye Biblia?"

"Imo."

Akakaa chini, Biblia ikiwa bado wazi mapajani. Siku chache baadaye aliomba kwa sauti mbele yetu kwa mara ya kwanza tangu afike, na sala yake ilikuwa malalamiko matupu kuanzia mwanzo hadi amina. Hakuna aliyemsahihisha. Ninaamini siku hiyo ndiyo aliyoanza kweli kuzungumza na Mungu, ingawa alikuwa ameitikia wito wa kuokoka zaidi ya mara moja huko nyuma.

Darasani sina mengi ya kueleza. Kuna misingi ya imani, kuna masomo ya ndoa, ya fedha, ya kuizuia hasira, na kuna mistari ya kukariri. Wanaume hupenda kukariri kuliko wanavyokiri, hasa wakishindana. Wapo wasiojua kusoma, na hao tunawapa mwenzao wa kuwafundisha herufi kila jioni. Kumwona mtu mzima akisoma peke yake, kwa mara ya kwanza, mstari aliokuwa akiusikia kwa watu tu, ni moja ya furaha kubwa za kazi hii.

Jikoni ndiko ningependa kila mzazi aje aone. Zamu ni ya wiki nzima, watu watatu watatu, na hakuna cheo kinachomwondoa mtu kwenye orodha, kiwe cha zamani au cha sasa. Hatukubuni sisi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya maisha ya watawa, iliyoandikwa katika karne ya 6, ina sura 73, na sura ya 35 inahusu jikoni peke yake: ndugu wahudumiane, asisamehewe mtu zamu ya jikoni isipokuwa mgonjwa au mwenye kazi nyingine ya lazima. Jumamosi, anayemaliza wiki anafua taulo za kunawia, anasafisha kila kitu, na yeye pamoja na anayeingia wanawaosha ndugu wote miguu. Vyombo vinarudishwa kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima, naye anamkabidhi anayeanza, ili ajulikane nini kimetoka na nini kimeingia. Benedikto alikuwa anajua tabia za wanaume.

Makabidhiano yetu nayo ni Jumamosi. Visu ndivyo vinavyoanza. Vinapangwa juu ya meza na kuhesabiwa na watu wawili, anayetoka na anayeingia, kwa sauti, kwa sababu katika nyumba hakukosi mtu ambaye bado anapigana na mawazo ya kujidhuru. Kisha sufuria, zinageuzwa chini juu, tako la kila moja linatazamwa. Kisha masinki, kisha kitambaa cha kufutia kinanuswa. Ndiyo, kinanuswa, maana kitambaa kinaweza kuonekana cheupe na kikanuka.

Alikuwapo kwetu mtu mmoja aliyewahi kuwa mhasibu wa kampuni kubwa, mwenye watu chini yake, suti, dereva. Pombe ilikuwa imemla vyote hivyo kimoja kimoja. Wiki yake ya jikoni iliongozwa na kijana aliyekulia mitaani, asiyefika nusu ya umri wake. Siku ya makabidhiano, kijana alichutama chini ya sinki na kutoka na sufuria iliyoungua, imesukumwa nyuma kabisa, imefunikwa na ndoo. Mhasibu alikuwa ameificha kwa siku tatu. Akaanza kujieleza kwa lugha ya ofisini, kwamba suala hilo lilikuwa katika mchakato. Kijana hakucheka wala hakumsema mbele za watu. Aliweka maji ya moto na chumvi ndani ya sufuria, akavuta kigoda, akamwambia, "Mzee, kaa hapa, tuisugue wote." Walikaa pale hadi wakati wa ibada ya jioni. Baadaye mhasibu huyo alinieleza kwamba miaka yote ya kuanguka kwake ilikuwa ya kuficha kitu nyuma ya kitu, hesabu nyuma ya hesabu, chupa nyuma ya mafaili, na hakuwahi kumpata mtu ambaye, akiliona lililofichwa, angekaa naye chini wakalisafisha. Alikuwa amehudhuria mafundisho ya toba mengi sana. Toba yake ilikuwa imemsubiri chini ya sinki.

Alasiri ni ya kazi za mikono, bustani, useremala, ujenzi, kutegemea nyumba ina nini. Naipenda kazi, na naona jinsi mwili unaochoka kwa halali unavyolala vizuri. Lakini hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Ziko nyumba zinazotumia neno uanafunzi kuwafanyisha wanaume kazi kutwa, wiki baada ya wiki, bila darasa, bila ujuzi wanaoondoka nao, huku fedha zikiingia mahali wasipopajua. Wakiuliza, wanasomewa Wakolosai 3:23, kwamba wafanye kwa moyo kama kwa Bwana. Mstari huo ni wa kweli, na aliyeuandika ndiye aliyeandika aya chache mbele, mwanzo wa sura ya 4, kwamba mabwana wawape watumwa wao yaliyo haki na ya adili, wakijua ya kuwa wao nao wana Bwana mbinguni. Huwezi kuushika mmoja ukaufunika mwingine.

Kwa hiyo kabla hujamwacha mtu wako popote, uliza. Anaweza kuondoka akitaka? Nani anaona hesabu? Ana siku ya kupumzika? Anaadhibiwaje akikosea? Ukisikia habari za minyororo, viboko au kufungiwa chumbani, mrudishe mtu wako kwenye gari hata kama ametoka kukutukana njia nzima. Geti letu lina kitasa cha ndani. Wako waliolifungua usiku wakaenda zao, na mioyo yetu ikaumia, na asubuhi tukawaombea kwa majina. Yule baba wa mwana mpotevu katika Luka 15 alimgawia mwanawe urithi na kumwacha aende.

Uliza pia habari ya hospitali. Mtu aliyekunywa pombe kwa wingi kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kupata degedege, akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, na wengine hufa. Siku za mwanzo ndizo za hatari. Mtu wa namna hiyo anapaswa kuonwa na daktari kwanza, na nyumba inayompokea moja kwa moja na kumwekea mikono tu inacheza na roho ya mtu. Wa heroini anapitia arosto: mifupa inauma, anatapika, anaharisha, hapati usingizi, na anaapa kuwa anakufa. Naye anastahili daktari. Lakini kwake hatari iliyo kubwa zaidi huja baadaye, mwili ukishakaa miezi bila dawa, kwa sababu hupoteza ule uzoefu wa kustahimili. Akirudi kwenye kipimo chake cha zamani, hata mara moja tu, kinaweza kumzima pumzi. Kila anayeondoka kwetu anaambiwa hilo wazi, yeye na ndugu zake, hata kama wanaona tunamtabiria mabaya. Na aliye kwenye vidonge vya akili, vya kifafa, vya virusi vya UKIMWI au vya kifua kikuu anaendelea kuvimeza kwa saa yake. Paulo alisafiri na Luka, naye anamwita tabibu mpendwa. Sijui kwa nini watu wengine wanaona aibu kusafiri naye.

Nirudi ndani. Chumbani ndiko uanafunzi unakouma. Tunalala kwenye dabodeka, wanaume sita hadi wanane kwa chumba, na hakuna anayechagua mwenzake wa chumba. Wa juu akigeuka, wa chini anaamka. Yupo anayekoroma, yupo anayeongea usingizini, yupo anayetaka dirisha wazi na yupo anayelifunga kila mwenzake akipitiwa na usingizi. Mtu anaweza kulia machozi ibadani Jumapili, na Jumatatu usiku akamtukana mwenzake kwa ajili ya taulo.

Taulo hilo nimeliona kwa macho yangu. Wa kitanda cha chini alikuwa mzee mwenye wajukuu. Wa juu, kijana ambaye tangu afike alikuwa hamsalimii mtu. Kila jioni alitundika taulo lake bichi kwenye ngazi ya kitanda, likawa linadondosha maji kwenye mto wa mzee. Mzee alisema kwa upole, akasema tena kwa ukali, mwisho akalivuta akalitupa uani. Kijana akashuka na ngumi imekunjwa, na ilibidi wenzao wawaingilie kati.

Kanuni yetu katika hali kama hiyo ni kwamba hakuna kuhamishwa chumba mpaka wapatane. Mathayo 5 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako, nasi tunaifuata kama ilivyoandikwa: wenye ugomvi hawaongozi nyimbo, hawasomi, hawaombei wengine mpaka wakae chini. Wakakaa, mimi katikati. Mmoja anazungumza hadi amalize, mwingine anarudia alichosikia kabla ya kujibu. Ilichukua muda mrefu. Ndipo kijana akasema kwamba alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa akitupa nguo zake nje kila alipokasirika, na hajawahi kuwa na mahali ambapo kitu chake kiliachwa kilipo. Mzee akashusha pumzi. "Mwanangu, hilo sikulijua. Nisamehe." Kijana hakusema kitu cha maana usiku ule. Asubuhi, alipokuwa anashuka ngazi, akasema, "Shikamoo, mzee." Ilikuwa ya kwanza tangu afike.

Yako pia yaliyofuata, na ndiyo yanayonifanya nisikubali kabisa wazo la kumpa kila mwanaume chumba chake, hata pale wafadhili wanapojitolea kujenga. Ilikuja wiki ambayo kijana yule alishikwa na hamu ya dawa vibaya sana, akawa hasemi, mchana anacheka na wenzake kama kawaida. Walezi hatukujua. Mzee alijua, kwa sababu kitanda cha juu kilikuwa kikilia usiku kucha. Usiku wa tatu akaamka, akagonga ubao wa juu kwa vidole, akamwambia, "Teremka, mwanangu, tukae nje." Walikaa barazani hadi kengele ilipolia, mara wakiomba, mara mzee akihadithia ujana wake. Ukaribu ule ule uliozaa ugomvi wa taulo ndio uliomfanya mzee asikie.

Kuhusu ulimi tunafuata kanuni tuliyoipata kwa Dietrich Bonhoeffer, Mjerumani aliyewaandaa wachungaji katika nyumba moja huko Finkenwalde kuanzia mwaka 1935 mpaka Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walipoifunga mwaka 1937. Waliishi pamoja, na alitaka mtu asimzungumzie ndugu asiyekuwepo; ikitokea amemzungumzia, amwendee na kumwambia alichokisema. Nyumba ya wanaume inaweza kuoza kwa umbea haraka kuliko kwa dhambi zinazotajwa kwenye mahubiri. Nusu ya pili ya kanuni ndiyo inayofanya kazi, maana ukishamwendea mtu mara mbili na kumwambia, "Ndugu, jana nilikusema," ya tatu unajizuia mwenyewe.

Simu tunazishika kwa wiki za mwanzo, kisha zinaruhusiwa kwa saa maalumu. Wanaume hulalamika sana, na ninawaelewa. Jambo gumu zaidi kuliko simu ni kile kinachosemwa ndani yake. Mwanaume akishakaa mwezi mmoja bila pombe anajiona mpya, anampigia mkewe akitarajia shangwe, na mke anamjibu kwa baridi au hapokei kabisa. Anakuja kwangu amekasirika: "Mlezi, huyu mwanamke hana msamaha." Hapo huwa nakaa naye kwa muda mrefu. Mke huyo amesikia "nimeacha" mara nyingi kuliko siku ambazo mume amekaa bila kunywa. Hadaiwi chochote. Kazi ya mwanaume ni kuandika kwenye daftari alichowafanyia watu wake, kitu kwa kitu, bila neno "lakini" popote, na daftari hilo halitumwi kwa mtu mpaka tumelisoma pamoja. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakusema anajisikia vibaya. Alisema atarudisha mara nne. Nimeona mwanaume akianza kutuma kiasi kidogo kwa ajili ya ada ya mtoto kutoka kwenye malipo ya viti alivyotengeneza kwa mikono yake, mwezi hadi mwezi, kabla mke hajakubali hata kusikia sauti yake.

Jioni kuna vikundi vya watu wanne au watano. Hapo ndipo Yakobo 5:16 linapofanyiwa kazi, kuungamiana dhambi na kuombeana mpate kuponywa. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliandika kanuni za vikundi vidogo vya namna hii Desemba 1738, wakutane mara moja kwa wiki, na maswali yake hayakuzunguka: umetenda dhambi gani unayoijua tangu tulipokutana, umekutana na majaribu gani, umeokolewaje. Tunayatumia karibu kama yalivyo. Yanayosemwa pale hayatoki pale, isipokuwa kama mtoto yuko hatarini au mtu anataka kujidhuru au kumdhuru mwingine, na hilo kila anayejiunga anaelezwa kabla hajafungua kinywa. Mara nyingi kikundi ni kikavu. Watu wamechoka, wanatoa majibu mafupi, mmoja anasinzia. Sijali. Siku moja mtu atakuwa na jambo zito la kusema, na itakuwepo meza aliyoizoea na watu waliozoea kumsikiliza.

Hatari kubwa ni kutoka. Ndani kuna kengele, kuna zamu, kuna mtu wa kitanda cha juu. Nje anaamka saa anayotaka, na jioni ya kwanza hakuna anayeuliza yuko wapi. Wanaorudi nyuma, wengi wao hawaanguki kwa kukana imani. Wanaanguka kwa upweke na muda mtupu. Kwa hiyo siku hizi kutoka kunaanza kuandaliwa miezi kabla. Anakwenda kwenye kanisa atakaloabudu, anajulikana na mchungaji wa pale, anaingia kwenye kikundi chao cha nyumbani angali bado analala kwetu. Kanisa linaloleta mtu kwetu tunaliomba litupe wanaume wawili watakaomtembelea akiwa huku na kumpokea akirudi, na likishindwa kuwapata hao wawili, tunazungumza na mchungaji wake upya kabla ya tarehe ya kuondoka kupangwa.

Namba ya simu ya ndugu mmoja aliyemaliza zamani inaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia yake. Mwezi wa kwanza ndugu huyo anampigia kila asubuhi baada ya ibada, wanasoma Zaburi ya siku hiyo kwa kupokezana, huyu mstari mmoja, yule mstari mmoja. Kuanzia mwezi wa pili anapiga yeye mwenyewe. Asipopiga kufikia jioni, wawili wa kanisani wanakwenda kugonga mlango wake siku hiyo hiyo.